Mawe ya makaburi ya Wacheki huku Iowa, na kwa nini naandika kila herufi ilivyo

Ukitoka mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa huku Marekani, ukaacha lami ukaingia barabara za kokoto, katikati ya mahindi na soya utakuta kipande cha ardhi kimezungushiwa uzio, kuna miti miwili mitatu mirefu na mawe yamesimama kwa mistari, na ukisogea karibu unaona maandishi sio ya Kiingereza. Zde odpočívá. Hapa amepumzika fulani. Hayo ni makaburi ya Wacheki, watu waliotoka Bohemia na Moravia, ambazo leo ni sehemu za nchi ya Cheki, enzi hizo kote kukiwa chini ya Dola ya Austria, wakaanza kuja kulima huku miaka ya 1850, na sehemu nyingine hata kanisa lao halipo tena ila makaburi yapo. Mimi nimezaliwa mkoa wa Kigoma, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wazazi wangu ni Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, na kwa muda sasa nimekuwa nikiandika kumbukumbu za mawe haya. Nataka nieleze nilichojifunza maana kinatuhusu sana sisi tunaozika watu wetu ugenini.

Aliyenivuta ni bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Yeye mzaliwa wa huku huku, lakini babu na bibi yake walitoka Bohemia, na Kicheki chake ni kile cha nyumbani, sala, vyakula, na maneno ya kumwitia ng'ombe. Miguu haimruhusu tena kutembea kwenye majani, watoto wako majimbo ya mbali, akaniambia mwanangu wewe una simu nzuri, siku ukipita upande ule nipigie picha jiwe la bibi yangu nilione. Nikaenda. Jiwe ni marumaru, zamani nyeupe, sasa ya kijivu imejaa ukoga. Nilivyomwonyesha picha akaikodolea macho akasema jina naliona, lakini pale chini paliandikwa kijiji alichotoka, mama alikuwa anatuonyesha kwa kidole tukiwa wadogo. Kijiji gani bibi? Hakumbuki. Nikamwomba aulize nduguze, hakuna anayekumbuka. Yaani ukoo mzima wa watu mia na kitu, waliotapakaa Marekani nzima, na mahali pekee palipobaki jina la kwao ni mistari miwili ambayo mvua imekuwa ikiilamba zaidi ya miaka mia.

Kilichonishangaza ni kwamba nilidhani Marekani kila kitu kiko kwenye makaratasi. Kwa watu wa zama zile sio kweli kabisa. Iowa ilianza kudai vizazi na vifo viandikishwe mwaka 1880, na hata baada ya hapo miaka mingi wakulima hawakwenda kuandikisha, mji uko mbali, kazi shambani haziishi, lugha yenyewe hawaijui. Karatasi za uraia za kabla ya 1906 mara nyingi zinasema tu kwamba fulani anaacha utii kwa Mfalme wa Austria, basi, kijiji hakuna. Sensa nazo zinajichanganya, mwaka huu mtu kazaliwa Bohemia, miaka kumi baadaye mtu yule yule kazaliwa Austria, na sensa ya 1890 iliharibiwa na moto Washington mwaka 1921 vikabaki vipande tu. Sasa chukua mtoto aliyezaliwa 1886 akafa 1893. Sensa ya jimbo la Iowa ilifanyika 1885, hajazaliwa. Sensa ya nchi ya 1890 imeungua. Sensa ya jimbo inayofuata ni 1895, keshakufa. Kama padre hakumwandika au daftari la parokia limepotea, basi mtoto huyo aliishi miaka saba hapa duniani na ushahidi wote wa kwamba aliwahi kuwepo ni jiwe la urefu wa goti, tena mara nyingi limechongwa kikondoo juu, na vile vikondoo vimelika mpaka huoni kichwa kiko upande gani. Nikiwa nimechuchumaa mbele ya jiwe la namna hiyo huwa siwezi kuharakisha.

Kicheki cha kuongea sikijui mpaka leo, lakini Kicheki cha makaburini sio kirefu, mtu akitulia anakijua. Narozen ni kuzaliwa, zemřel ni kufa, na mara nyingi wamekata wakaandika nar. na zem. kuokoa nafasi. Manželka ni mke, dcera binti, syn mtoto wa kiume. Rozená linatangulia jina la ukoo aliozaliwa mwanamke kabla hajaolewa, na hilo ni dhahabu, maana karatasi za Kiingereza zinamjua mama kwa jina la mume tu na kwao anafutika kabisa. Kingine, kitenzi chenyewe kinakuambia jinsia, zemřel ni mwanaume, zemřela ni mwanamke, kwa hiyo hata jina likiwa limemomonyoka lote, ile a ya mwisho ikibaki umeshajua hapa kalala mama wa watu. Majina ya ukoo ya wanawake nayo mara nyingi yanaishia na ová, Novák akiwa baba basi mke na binti ni Nováková, kwa hiyo ukiona jiwe la baba na la mama majina yanatofautiana mwishoni usidhani ni koo mbili.

Tarehe ndo zinaua watu. Wacheki wanaanza na siku halafu mwezi, kama sisi tulivyozoea shuleni, Wamarekani wanaanza na mwezi. Kwa hiyo 5.3.1884 kwenye jiwe la Kicheki ni tarehe tano mwezi wa tatu, na Mmarekani anayeisoma haraka haraka anaandika tarehe tatu mwezi wa tano. Kuna miezi inayofanana kwa sura, června ni Juni na července ni Julai, na jiwe likiwa limelika herufi chache tu ndo zinatofautisha. Halafu mawe mengi ya zamani hayaandiki siku ya kuzaliwa, yanaandika marehemu aliishi miaka mingapi, miezi mingapi na siku ngapi, unatoa kwenye tarehe ya kifo unapata siku aliyozaliwa. Mimi naandika vyote kama vilivyo kwenye jiwe kwanza, hesabu yangu naiweka pembeni nikisema hii ni hesabu yangu. Maana ukichanganya, anayekuja baadaye hawezi kujua nini kilichongwa na nini umekipiga mwenyewe.

Nakazia hilo kwa sababu nimeona madhara yake. Kuna orodha moja ya zamani imepigwa taipu, haina jina la aliyeiandika, na huyo mtu kwa nia njema kabisa alikuwa anasahihisha. Akikuta Václav anaandika James. Kwa nini James? Kwa sababu wenyewe Wacheki walipofika huku walijichagulia majina yanayotamkika, František akawa Frank, Vojtěch akawa Albert au George, Václav ikawa James, wengine Wesley. Sio uongo, huenda marehemu kweli aliitwa James dukani na benki. Ila kwenye jiwe mkewe na wanawe walichagua aitwe Václav, na mjukuu akienda kutafuta daftari la ubatizo kule Bohemia atamkuta Václav, James hayupo. Mwandishi huyo huyo akikuta rozená alidhani ni jina la pili la mwanamke. Kwa hiyo kwenye orodha yake kuna akina mama kibao wanaitwa Rozena! Na alama za juu ya herufi, zile č na ř na š na ž, alizitupa zote, wakati familia mbili tofauti zinaweza kutofautiana kwa kialama hicho tu.

Kazi yenyewe ya kusoma inataka mwanga kuliko macho. Saa sita mchana jiwe linakuwa bapa huoni kitu, njoo asubuhi au jioni jua likiwa linapita kwa ubavu, kila mchongo unatupa kivuli na maneno yanajitokeza. Kama jiwe limetazama kaskazini jua halilifikii vizuri, unachukua kioo kirefu kile cha mlangoni unakisimamisha pembeni unaelekeza mwanga ukate uso wa jiwe kwa mshazari, mwenzako anapiga picha. Hiyo ya kioo nilifundishwa na mzee mmoja wa huku ambaye amefanya kazi hii tangu enzi za kamera za filamu. Pia alinikataza mambo, na alikuwa mkali kweli: usipake chaki, usipake povu la kunyolea, usimwage jiki, usiguse na brashi ya waya. Watu wanafanya hivyo ili herufi zitokee kwenye picha, na kweli zinatoka, lakini vitu hivyo vinabaki ndani ya vitundu vya jiwe na kulila taratibu. Maji safi na brashi laini, anza chini panda juu ili uchafu usichirizike ukaacha michirizi, na jiwe ambalo ukiligusa linapukutika kama sukari usilisugue kabisa, piga picha uliache. Marumaru ya zamani ndo iko hivyo, mvua yenye tindikali inaimaliza. Matale yaliyokuja kutumika baadaye hayana shida. Na kuna minara michache ya rangi ya kijivu cha bluu ambayo ukigonga inalia tupu ndani, hiyo sio jiwe, ni zinki, ilikuwa inatengenezwa na kampuni moja ya Bridgeport, Connecticut kuanzia miaka ya 1870 mpaka 1914, na maandishi yake mpaka leo yanasomeka vizuri kuliko ya majirani zake wote.

Kabla yetu kuna waliopita. Miaka ya 1930 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi serikali iliwalipa watu waliokosa ajira wazunguke makaburi ya Iowa waandike waliozikwa, na kazi ile naishukuru kutoka moyoni maana kuna mawe waliyoyasoma wao ambayo leo ni ubao mtupu. Unachukua orodha yao, unachukua daftari la parokia, unachukua jiwe, unaviweka pamoja vitatu, kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake.

Jiwe la bibi wa yule bibi yangu lilisomeka kwa kioo, jioni ya mwezi wa kumi mahindi yakiwa yameshavunwa na mwanga unapita bila kizuizi. Mstari wa chini ulikuwa na jina la kijiji na pembeni okr. Písek, yaani wilaya ya Písek, kusini mwa Bohemia. Kidogo ikwame hapo, maana kijiji kilivyoandikwa ukikitafuta kwenye ramani hakipo. Kwenye Kicheki jina la mahali linabadilika mkia likitanguliwa na neno la mahali, Písek ukisema mtu kazaliwa huko inakuwa v Písku, Praha inakuwa v Praze. Sisi tunaosema mjini na shambani wala halitupi shida hilo, unarudisha neno kwenye umbo lake ndo unatafuta. Na wilaya usiidharau hata siku moja. Kule kuna vijiji vinaitwa Lhota au Lhota fulani kwa mamia, Nová Ves navyo ndo usiseme, jiwe likisema Lhota peke yake hujapata kitu, likisema Lhota wilaya fulani umefika.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, maana madaftari ya ubatizo ya kusini mwa Bohemia yako hifadhi ya Třeboň na wameyapiga picha wakayaweka onlaini, bure, mtu yeyote anafungua. Mwandiko ni mgumu, mengine yameandikwa Kijerumani, lakini unapojua kijiji, jina na tarehe unamtafuta mtu wako ukurasa kwa ukurasa mpaka unamkuta. Tukamkuta. Jina lake, baba, mama, wazazi wa pande zote mbili, na namba ya nyumba. Kule nyumba zilipewa namba tangu miaka ya 1770 enzi za malkia Maria Theresa, na nyingi namba zake zipo mpaka leo. Nilipompelekea bibi zile karatasi hakusema neno kuhusu majina, aliuliza namba ya nyumba ngapi, nikamwambia, akaniomba niiandike kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani pembeni ya kitanda juu ya picha za wajukuu. Binti yake alivyokuja kumtembelea akauliza hii namba ya nini, na bibi akamsimulia kuanzia mwanzo, mambo ambayo binti ana miaka sitini hajawahi kuyasikia.

Kitu kingine ambacho majina na tarehe peke yake havikupi ni nani kalala karibu na nani. Mimi kila kaburi naandika mstari wa ngapi na nafasi ya ngapi kutoka langoni, na jiwe linatazama wapi. Inaonekana usumbufu. Lakini watu hawa walihama kwa makundi, kijiji kimoja kinatoa familia tano sita, wanapanda meli pamoja Bremen au Hamburg, wanachukua mashamba yanayopakana, wanaoana, wanazikwa wanafuatana. Kwa hiyo jiwe lisilo na kijiji likiwa katikati ya mawe mawili yenye kijiji kimoja, una pa kuanzia. Mwanamke mzee kazikwa kwenye eneo la ukoo usio wake, tazama rozená yake, utakuta ni mama mkwe aliyeletwa baadaye kutoka kwao baada ya mtoto kupata kiwanja. Na mistari ya watoto inakusimulia yenyewe. Unakuta ndugu watatu, wanne, tarehe za kufa zimepishana wiki, baridi ya mwaka mmoja, na majirani zao hivyo hivyo. Miaka ile dondakoo lilikuwa likiingia kwenye nyumba linamaliza watoto, chanjo hakuna. Ukiandika kila jina kwa alfabeti kama kitabu cha simu, msiba ule unapotea, hao watoto wanatawanyika kurasa tofauti na hakuna atakayejua kwamba walikwenda pamoja. Kwa kweli naamini orodha ya alfabeti ije mwisho kama kiambatisho, orodha yenyewe ifuate mistari ya makaburi.

Niseme na hili la vyama, kwa sababu lilinigusa kama Mrundi wa Kigoma. Kwenye mawe mengine unakuta herufi zimechongwa bila maelezo, ČSPS, au ZČBJ. Hivyo ni vyama vya kusaidiana. ČSPS kilianzishwa na Wacheki wa St. Louis mwaka 1854, wanachama wanachanga, mtu akiugua anasaidiwa, akifa mjane anapata fedha na wenzake wanakuja kumzika. ZČBJ kilijitenga nacho 1897 huko Omaha, kikapokea wanawake kama wanachama kamili. Ni chama cha kufa na kuzikana, hakuna tofauti na vile tunavyochangishana sisi kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa msiba kusafirisha mwili au kununua kaburi, isipokuwa wao walikiandika, wakakipa katiba, kikadumu vizazi. Na wengi wa wanachama hao walikuwa wameachana na kanisa, walijiita watu wa fikra huru, huko Chicago walifungua makaburi yao ya taifa mwaka 1877 ili mtu azikwe na wenzake bila kuuliza padre. Ndo maana eneo moja unaweza kukuta makaburi mawili ya Wacheki yanatazamana, huku misalaba kule hakuna hata mmoja, na mwandishi akiona herufi zile akaziruka kwa kuona sio jina wala tarehe, amefuta imani ya marehemu.

Nikipata nafasi huwa naenda pia Spillville, kaskazini, kaunti ya Winneshiek. Kanisa lao la Mtakatifu Wenceslaus ni la 1860, na mwanamuziki Dvořák aliishi hapo kiangazi cha 1893, akawa anapiga kinanda cha kanisani asubuhi. Watu wengi wanaenda kwa ajili yake. Mimi naenda kwa ajili ya misalaba ya chuma iliyoko makaburini nyuma ya kanisa, mingine kazi ya Charles Andera wa hapo hapo kijijini, chuma cha kumimina chenye malaika na mapambo. Chuma kina tabia yake, jiwe linalika kidogo kidogo ila msalaba ukipoteza rangi kutu inaanza na kibao cha jina kikidondoka hutajua tena kaburi la nani. Kwa hiyo misalaba naiandika kabla ya mawe.

Sasa turudi kwetu. Babu yangu alizikwa Mtabila. Msalaba ulikuwa wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi, na kwa mvua za Kasulu na mchwa wa kule kila mtu anajua mbao inakaa misimu mingapi. Sisi tulishaondoka, kambi ikafungwa mwisho wa 2012, watu wakarudishwa Burundi au wakatawanyika, na aliyekuwa anajua kaburi lile ni la tatu au la nne kutoka kwenye mti hayupo tena. Hakuna aliyeandika. Tulikuwa tunahesabu magunia ya mahindi ya mgao na ndoo za maji, makaburi hakuna aliyeyahesabu, na silaumu mtu, maisha yalikuwa yale.

Ila huku tuna chaguo. Hapa Iowa wapo Wakongo wengi, Warundi wapo, na wazee wameanza kutuacha. Nimesimama kwenye mazishi yetu nikasoma kibao cha muda cha makaburi, na nimeona kitu kile kile nilichokiona kwa Wacheki kikitokea upya. Jina limekatwa kwa sababu kwenye fomu za ukimbizi lilikatwa. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, kama ya nusu ya watu waliokuwa pale, kwa sababu aliyejaza fomu hakuwa na muda wa kuuliza mwaka wa njaa gani au mvua gani. Kuzaliwa: Tanzania, wakati mzee alizaliwa Burundi. Na hata ukiandika Burundi haitoshi. Mtu wa Rumonge aliyekimbia 1972 alikimbia akiwa wa mkoa wa Bururi, mwaka 2015 Rumonge ikawa mkoa wake yenyewe, 2025 mikoa imepangwa upya imebaki mitano na sasa pale ni Burunga. Mjukuu atakayetafuta kwa jina la mkoa atapotea, kama wale wanaotafuta Austria. Kinachokaa ni jina la kilima. Kilima, na tarafa ya wakati ule, andika hivyo viwili, hata kama mikoa na tarafa zitapangwa upya.

Msiba wa karibuni tulikaa na watoto wa marehemu tukalizungumza kabla ya kuagiza jiwe. Fomu ya wachonga mawe ina nafasi ya jina na tarehe mbili, na kila mstari wa ziada unaongeza gharama, kwa hiyo kulikuwa na mabishano, mtoto mkubwa anasema hela hiyo tumpelekee mama, wa kike anasema baba hatazikwa mara mbili. Mwisho wakakubaliana, jina lake lote alilopewa na baba yake, kilima chake, tarafa, na neno la Kirundi la kumwombea pumziko, kwa Kirundi hivyo hivyo bila kulitafsiri. Tarehe ya kuzaliwa waliacha ile ya makaratasi maana ofisi ya makaburi ilitaka ilingane, lakini tumeandika kwenye daftari la jumuiya kile alichokuwa anakisema mwenyewe kuhusu msimu aliozaliwa, na daftari lina nakala kanisani, nyingine kwa mwenyekiti, na picha za kila ukurasa ziko kwa watu tofauti.

Na ya Mtabila tumeyaanza pia, kwa kumbukumbu za vichwani. Tunamkalisha mzee au mama, tunampa karatasi kubwa, tunamwambia chora barabara, chora bloku, chora ulipokuwa msikiti na kanisa na bomba la maji, halafu tuambie nani alizikwa wapi na pembeni yake nani. Mama yangu ameshaweka makaburi mengi kwenye upande mmoja kwa sababu ndiko alikokuwa akipita kwenda kuni. Shangazi kwa simu kutoka Nyanza-Lac, Burundi, anakataa, anasema babu hakuwa upande huo, alikuwa ng'ambo ya korongo, na mama anasema korongo lilikuwa bado halijachimbika mwaka ule. Zote mbili nimeziandika, kila moja na jina la aliyesema na siku aliyosema.